Kayongo Haogopi Dawa: Nani Atambeba Mkulima Msimu wa Kwanza?

Ukipita mashamba ya Ndhiwa au Uriri mwezi wa Juni, uone maua madogo ya zambarau yakichungulia katikati ya mahindi, usitoe simu kupiga picha. Hayo si maua ya kuweka Instagram. Hilo ni gugu linalokula ugali wa mwenye shamba.

Waluo huliita kayongo. Wanasayansi huliita striga, na kwa Kiswahili utasikia wengine wakisema kiduha au gugu chawi. Uchawi wake uko chini ya ardhi. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na inaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 ikisubiri tu. Mzizi wa mahindi au mtama ukipita karibu, mbegu inanusa, inaamka, inajishika kwenye mzizi na kuanza kunyonya. Maji inachukua, chakula inachukua. Kufikia siku ua linatokea juu, mahindi yameshadumaa na kugeuka manjano, yanaonekana kama yamekosa maji hata kama mvua ilinyesha jana. Halafu mche mmoja unamwaga makumi ya maelfu ya mbegu. Ukiung'oa baada ya kuchanua na kuzaa mbegu umeshachelewa, shida ya mwaka ujao tayari iko kwenye udongo.

Ndiyo maana pampu ya dawa mgongoni haisaidii sana hapa. Unapompiga kayongo dawa juu ya ardhi, wizi ulishafanyika chini.

Naanza na kayongo kwa sababu huku Nairobi tukizungumzia kilimo bila kemikali, tunaanzia kwa sukumawiki ya mjini: imenyunyiziwa nini, imemwagiliwa maji ya wapi, italeta saratani au la. Ni maswali halali kabisa. Lakini kwa mama mwenye nusu ekari Homa Bay swali la kwanza ni lingine. Je, nitavuna? Ukimwendea na hotuba ya afya kabla hujajibu hilo, atakusikiliza kwa heshima, akukaribishe chai, kisha ukienda aendelee na mambo yake.

Sasa wewe unasoma hii ukiwa kwenye matatu ya Umoja au kwenye foleni ya Huduma Centre, unajiuliza inakuhusu vipi. Inakuhusu kwa sababu ya chapaa. Kabla ya chwiri, yaani ile mvua ndefu ya kuanzia Machi, simu kutoka ushago huongezeka. Salamu ndefu, habari za mifugo, nani ameoa, nani amezikwa. Halafu inafika: mvua iko karibu na hatujanunua mbolea. Unatuma 3,000 kwa M-Pesa, unajisikia mtoto mzuri, maisha yanaendelea.

Hizo pesa zinaenda moja kwa moja kwenye duka la agroveti sokoni. Mfuko wa fatalaiza, dawa ya kuua magugu, dawa ya viwavi. Kwa hivyo ukweli usemwe: sehemu kubwa ya kilimo cha kemikali cha kusini mwa Nyanza kinafadhiliwa na watoto wa mjini ambao hawajui hata shamba la kwao liko na aina gani ya udongo. Na mimi ni mmoja wao, tena wa wale walioacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usidhani nakuja na digrii ya kilimo. Nimekuja na masikio na maswali.

Bei zenyewe unazikumbuka. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipita shilingi 6,000. Serikali ikaleta mbolea ya ruzuku kwa 3,500 mwaka huo huo, ikashuka hadi 2,500 mwaka 2023. Kidogo watu wapumue, 2024 ikaja kashfa ya mbolea feki. Wakulima walipanga foleni, wakalipa, wakabeba, wakapanda, kumbe kwenye baadhi ya mifuko kilichokuwa ndani si mbolea. Ukipoteza pesa ya simu unaweza kununua nyingine mwezi ujao. Ukipoteza msimu, umepoteza chakula cha miezi sita.

Upande wa dawa nao haujatulia. Mwaka 2019 ombi lilipelekwa Bungeni kupitia Gladys Boss Shollei, wakati huo akiwa mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu, kutaka dawa zilizokatazwa Ulaya ziondolewe kwenye maduka yetu. Ilichukua hadi Juni 2025 kwa serikali kutangaza kupiga marufuku bidhaa 77. Miaka sita. Katika hiyo miaka sita dawa zilikuwa zinapimwa kwa kifuniko cha chupa, bila glavu, na mtu ambaye maandishi ya kwenye lebo ni madogo mno kwa macho yake.

Basi mtu akisema wakulima wetu wabadilishe njia, anasema jambo la maana. Na kinachouma ni kwamba moja ya njia bora duniani za kupambana na kayongo bila dawa haikutoka mbali. Ilitoka Mbita.

Kama umewahi kupanda feri kwenda upande ule wa ziwa, au kuvuka kwenda kisiwa cha Rusinga, umepita karibu na kituo cha icipe, kile kinachoitwa Kampasi ya Thomas Odhiambo. Profesa Thomas Odhiambo alianzisha icipe mwaka 1970 akiamini Waafrika wanaweza kufanya sayansi ya wadudu ya kiwango cha juu kabisa hapa hapa nyumbani. Vijana wengi wanamjua kila mtaalamu wa teknolojia wa California, lakini yeye hawamjui. Ni sawa, haikuwa kwenye mtihani.

Katika miaka ya 1990 timu ya pale Mbita ikiongozwa na Zeyaur Khan, ikishirikiana na John Pickett na wenzake wa kituo cha Rothamsted huko Uingereza, ilikuwa inatafuta suluhu ya wale viwavi wanaotoboa shina la mahindi. Walijaribu mimea mingi. Wazo lilikuwa rahisi kulieleza: panda kati ya mahindi mmea ambao harufu yake inamchukiza nondo, na kuzunguka shamba panda mmea ambao harufu yake inamvutia. Nondo asukumwe huku, avutwe kule. Wataalamu wakaiita vuta-sukuma.

Mmea wa kusukuma ni desmodiamu, jamii ya kunde, unatambaa chini kama zulia. Wa kuvuta ni nepia, ile ile tunayolishia ng'ombe. Nondo anapenda kutaga mayai kwenye nepia, lakini viwavi wakianguliwa na kuanza kutoboa, nepia inatoa utomvu wa kunata unaowanasa na wengi wanakufa. Nondo anadanganywa mchana kweupe. Kwa kweli ni usiku, lakini umenielewa.

Halafu wakaona kitu ambacho hawakukipanga. Mahali palipokuwa na desmodiamu, kayongo ilikuwa inapotea. Walipochunguza wakagundua mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali zake yenyewe: nyingine zinaamsha mbegu ya kayongo iote, nyingine zinaizuia isijishike kwenye mzizi wa mahindi. Yaani mbegu inaamshwa, inakosa wa kunyonya, inakufa. Kila msimu akiba ya mbegu ardhini inapungua. Wakati huo huo desmodiamu inaweka naitrojeni kwenye udongo, inafunika ardhi isikauke, na ukiikata ni chakula kizuri cha ng'ombe na mbuzi.

Baadaye ukame ulipozidi, wakatafuta aina zinazovumilia jua: desmodiamu ya majani ya kijani, na nyasi ya brakiaria badala ya nepia. Bahati ikawa kwamba viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017 na kutafuna mahindi nchi nzima, mashamba yenye mfumo huu mpya yalistahimili. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta viwavi kwa kila mche wamepungua kwa asilimia 82.7 ukilinganisha na shamba la mahindi matupu, na mavuno yalikuwa mara 2.7 zaidi.

Soma hiyo namba tena. Mara 2.7, bila kununua dawa ya viwavi. Na wakulima zaidi ya 100,000 Afrika Mashariki wameshaitumia njia hii.

Kwa hivyo mbona ukipanda bodaboda kutoka Rongo hadi Ndhiwa unaona mahindi matupu, shamba baada ya shamba, na maua ya zambarau katikati?

Nilimpelekea waya wangu swali hilo. Waya ni shangazi, dada ya baba, na huyu wangu si mtu wa kupamba maneno. Yeye ni mmoja wa waliojaribu. Ana shamba lisilofika ekari, na alianza kwa kipande cha kona, hatua kumi kwa kumi hivi, pale kayongo ilikuwa imemshinda kabisa.

"Waya, kwani uliogopa kupanda kote?"

"Nyathina, watu wanaokula kutoka hapa ni saba. Wewe ungepanda kote?"

Akanieleza msimu wa kwanza ulivyo, na hapa ndipo vipeperushi vyenye picha za wakulima wanaotabasamu huruka haraka. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana, na bei yake si ya kuchezea. Unaichanganya na mchanga laini ndipo uimwage kwenye mfereji mwembamba katikati ya mistari ya mahindi, la sivyo itaishia yote mahali pamoja. Ikiota ni kitu dhaifu, ukiangalia haraka utadhani ni kwekwe. Kwa hivyo huwezi kutupa jembe ovyo ovyo. Unapalilia kwa mkono, umeinama, wiki ya tatu, kisha tena wiki mbili baadaye. Kibarua asiyeijua atakung'olea yote kwa asubuhi moja na bado umlipe.

Dawa ya magugu, kwa upande wake, ni kazi ya asubuhi moja. Mwanamke mwenye watoto watatu, kisima mbali na mgongo unaouma, unamwambia aache kazi ya asubuhi moja achukue kazi ya siku nyingi, na faida kamili ataiona misimu miwili au mitatu mbele. Tukiita hiyo ujinga wa wakulima, tunawakosea adabu. Hiyo ni hesabu, na hesabu yake iko sawa.

Msimu ule kona ya waya haikutofautiana sana na shamba lingine. Jirani alicheka, akauliza kama anafuga nyasi. Wa pili, maua ya zambarau yalipungua. Wa tatu alikuwa anayahesabu kwa vidole, na mbuzi wake wa maziwa alikuwa ananona kwa majani aliyokata. Ukishaipanda vizuri desmodiamu inadumu miaka, kila msimu unaikata tu ili mahindi yapate nafasi. Na mbegu hununui tena kama hutaki; unakata shina lenye vifundo viwili, unapandikiza kwingine. Jirani aliyecheka alikuja jioni moja kuomba mashina. Akapewa.

Lakini waya alinusurika msimu wa kwanza kwa sababu moja tu: binamu yangu aliyeko Mombasa alikuwa anatuma pesa ya vibarua. Hakutuma ya fatalaiza, alituma ya mikono. Bila hiyo, angeacha wiki ya tatu, na asingelaumiwa na yeyote.

Kuna mengine ambayo pesa peke yake haitatui. Ardhi, kwa mfano. Hati bado iko kwa jina la kwaru, babu, ambaye alishafariki zamani, na urithi haujaandikwa popote. Vijana wengi wanaolima Migori na Homa Bay wanakodi shamba kwa msimu. Sasa nani atapanda mmea unaodumu miaka kwenye ardhi ya kukodi? Ukishamponya mwenye shamba na kayongo, msimu ujao analitaka lake, au anapandisha kodi. Mjane ambaye mashemeji wanamwangalia kwa jicho la pembeni yuko kwenye hali hiyo hiyo. Mtu anayekuambia "vijana rudini shambani" muulize kwanza shamba la nani.

Na kuna mila ya golo kodhi, ya kutoa mbegu. Kwenye boma linaloshika desturi, wadogo hawapandi kabla wakubwa hawajaanza. Mimi siichekelei, ina maana yake katika kupanga familia. Ila mvua za siku hizi hazina subira, na kama mzee mwenye zamu yuko hospitalini Kisumu, boma zima linaangalia matone yakianguka. Njia yoyote mpya ya kilimo itakayoletwa kule bila kukaa chini na wazee kuhusu jambo hili itagonga mwamba.

Sasa njoo upande wa Migori nikuonyeshe namna kitu kinavyoweza kuenea hadi kila boma kama kuna mtu anayetaka kienee. Tumbaku.

Kuria na sehemu nyingine za Migori zimelima tumbaku kwa miongo. Si zao rahisi. Majani mabichi yakilowa, nikotini inapita kwenye ngozi na watu wanatapika na kuona kizunguzungu. Kuyakausha kunakula kuni, na vilima vilivyonyolewa miti unaviona kwa macho yako. Pesa ikija, mara nyingi deni limeshakula nusu. Lakini angalia ilivyofika kwa mkulima: kampuni ilimletea mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo. Afisa alikuja shambani kumwonyesha. Na mwisho wa msimu mnunuzi alikuwa anajulikana kabla hata mbegu haijaota. Hakuna aliyemwambia mkulima ajipange mwenyewe.

Kilimo asilia kimefikaje? Mara nyingi kimefika kwa semina. Ukumbi wa hoteli, soda, mandazi, kofia, picha ya pamoja. Afisa anaondoka na gari lake, na mama anarudi nyumbani na daftari. Tumbaku ilikuja na mkopo, mwalimu na soko. Chakula safi kinakuja na hotuba. Halafu tunashangaa kwa nini sumu inashinda.

Ndiyo maana mradi mmoja wa Migori unanipa matumaini kidogo, ingawa si wa kilimo asilia moja kwa moja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO), FAO na Mpango wa Chakula Duniani (WFP) pamoja na serikali ya Kenya walianza pale mpango wa mashamba yasiyo na tumbaku. Mkulima anapata mkopo mdogo wa kumtoa kwenye deni la tumbaku, anafunzwa kulima maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, na WFP inatoa soko la kununua. Unaona? Walichukua vitu vitatu vya kampuni ya tumbaku wakavitumia kwa chakula. Mamia ya wakulima walihama. Hakuna aliyewahubiria sana kuhusu mapafu ya watu wa mbali.

Mtu anaweza kusema basi serikali iamue tu, ipige marufuku kemikali zote kesho asubuhi. Sri Lanka ilijaribu. Aprili 2021 rais wao alikataza kuingiza mbolea za kemikali nchini, ghafla, bila kuwaandaa wakulima. Mpunga na chai vikashuka vibaya, wakulima wakaandamana, na kufikia Novemba mwaka huo huo marufuku ikalegezwa. Waliolipa ni wadogo. Kilimo asilia kikapata jina baya kwa kosa la watu wa ofisini.

Ulinganishe na jimbo la Andhra Pradesh kule India, ambalo tangu 2016 limekuwa likisukuma kilimo asilia polepole, kijiji kwa kijiji, likipitia vikundi vya wanawake vya kuweka akiba na wakulima wanaofundisha wakulima wenzao. Vikundi vya kuweka akiba. Hebu niambie ni kijiji gani Homa Bay hakina chama. Kina mama wa Karachuonyo na Kabondo wanajua kuzungusha pesa kuliko benki nyingi. Chama kikiamua kwamba mwaka huu tunabeba wanachama watano wanaoanza, mwaka ujao watano wengine, na siku ya kupalilia tunaenda kwa zamu shamba kwa shamba, ule mzigo wa msimu wa kwanza unakuwa mwepesi. Wazee wetu walikuwa na saga, watu kulimiana kwa zamu na kula pamoja. Si jambo la kigeni.

Serikali yenyewe ina karatasi nzuri: Novemba 2024 Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia wa hadi 2033. Mimi kwa karatasi sina shida. Nangoja kuona ngapi kati ya hizo zitafika Nyatike.

Kidogo kuhusu dawa za nyumbani, kwa sababu najua mtaniuliza. Kwenye ua wa boma nyingi kule kuna mmea wenye maua makubwa ya manjano, titonia, Waluo wanauita maua makech, maua machungu. Uliletwa kutoka Amerika, lakini sasa ni wa kwetu. Majani yake yakikaushwa yana naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu asilimia 4 hivi, ambayo ni mbolea ya maana inayomea bure kando ya barabara. Shida ni uzito. Watafiti wa magharibi mwa Kenya walikuwa wanatumia tani 5 za majani makavu kwa hekta moja. Mabichi ni mara kadhaa ya hapo. Nani anabeba? Mama tena. Kwa shamba la mahindi, sahau. Kwa kitalu cha sukumawiki, osuga na dek karibu na jikoni, inalipa sana: katakata, changanya na udongo, ngoja wiki, panda.

Kuna wanaotia majivu au mchanga kwenye koo la mahindi kuua viwavijeshi, na inasaidia ukianza mapema. Wengine wanachemsha majani ya tumbaku wanyunyizie mboga. Hiyo acha. Nikotini ni sumu, iwe imetoka kiwandani au kwenye sufuria yako. Neno "asilia" halimaanishi salama, na mtu akikuuzia chochote TikTok kwa sababu ni cha asili, hifadhi pesa yako.

Na soko? Ukweli mchungu: pale Rongo au Oyugis hakuna anayekulipa zaidi kwa sababu gorogoro yako ya mahindi haikupigwa dawa. Kuna alama ya Kilimohai, na kuna kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, na kuna hata mfumo wa wakulima kukaguana wenyewe kikundi kwa kikundi ili kukwepa gharama za wakaguzi wa nje. Lakini wanunuzi wa bei hiyo wako Nairobi, Karen na Westlands, si kule. Kwa mkulima wa nusu ekari faida iko kwenye kile ambacho hakununua, na kwenye maziwa ya mbuzi. Afadhali aambiwe hivyo tangu mwanzo kuliko kuahidiwa dola za Ulaya.

Kitu kimoja kimefunguka. Kwa miaka mingi sheria ya mbegu, iliyokazwa mwaka 2012, iliweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha miaka miwili kwa anayeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa. Yaani dani akimuuzia jirani mbegu za dek sokoni alikuwa mhalifu. Wakulima 15 walienda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mbegu za kienyeji zimetoka mafichoni.

Sasa simu ya Februari ikija. Kabla hujatuma ile ya fatalaiza, uliza maswali machache. Kayongo iko? Iko upande gani wa shamba? Kibarua wa kupalilia analipwa ngapi kwa siku kwenu? Kuna mtu wa karibu mwenye desmodiamu anayeweza kugawa mashina? Halafu tuma ya mbolea kama kawaida kwa sehemu kubwa, na juu yake ongeza ya kona moja: ya mashina, na ya mikono ya kupalilia mara mbili. Usiwaambie waache chochote. Wewe hulali njaa wakikosea.

Na uliza kuhusu mbuzi. Hii hakuna kipeperushi kilichoniambia, ni waya. Baada ya mavuno, vijiji vingi huachilia mifugo izurure mashambani, ni desturi ya zamani na wakati kote kulikuwa na mabua makavu tu haikumdhuru mtu. Desmodiamu haikauki kama mabua. Waya ameshaenda kwa naibu wa chifu, majirani wakaitwa, wakakubaliana kila mtu afunge wake hadi mvua irudi. Wamekubali wote isipokuwa mmoja, mzee mwenye mbuzi wanne, anayesema baba yake hakuwahi kufunga mbuzi na yeye hataanza leo. Ni Januari, jua ni kali, na kwenye kile kijiji kitu cha kijani kilichobaki ni kona ya waya.